Karatasi Mbili za de Brazza

(Yafuatayo ni maelezo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya wanafunzi wa darasa la jioni la historia.)



Nimeombwa niseme machache juu ya watu waliotawala nchi za Afrika kwa niaba ya wageni. Orodha yao ni ndefu, na wengi wao hawahitaji mzungumzaji. Mtu akimtaja Mfalme Leopold wa Ubelgiji, au Carl Peters, msikilizaji hadai ushahidi zaidi. Kwa hiyo nimemchagua mtu ambaye si rahisi kumsema: Pierre Savorgnan de Brazza, ofisa wa manowari za Ufaransa aliyekuja kuwa mtawala wa Kongo ya Kifaransa. Nimemchagua kwa sababu watu wengi, na miongoni mwao Waafrika wenzetu, humwita mkoloni mwema. Nami nataka tuulize wema huo ulifanya kazi gani, na kwa faida ya nani.

Jina lake bado lipo juu ya ramani. Mji wa Léopoldville, kusini ya mto Kongo, uliitwa Kinshasa mwaka wa 1966. Fort-Lamy ukawa N'Djamena mwaka wa 1973, Lourenço Marques ukawa Maputo mwaka wa 1976, na Salisbury ukawa Harare mwaka wa 1982. Brazzaville ulibaki Brazzaville. Ulibaki hivyo hata kati ya 1969 na 1991, wakati nchi ile ilipojiita Jamhuri ya Watu na kupeperusha bendera nyekundu yenye nyundo na jembe. Wanamapinduzi waliowafukuza mabeberu katika kila hotuba waliendelea kuandika jina la ofisa wa Kifaransa juu ya barua zao za serikali. Kwa nini? Hapana shaka walikuwa na sababu, na sababu hizo tutaziona katika maisha ya mtu mwenyewe.

Alizaliwa Italia mwaka wa 1852, katika ukoo wa makabaila. Tangu utotoni alikuwa na hamu ya bahari, na rafiki wa familia yake, admirali Montaignac, akamsaidia kuingia chuo cha wanamaji cha Ufaransa huko Brest. Manowari yake mojawapo ya kwanza ilimpeleka Algeria, ambako mwaka wa 1871 alishuhudia majeshi ya Ufaransa yakiuzima uasi wa Wakabyle kwa ukatili mkubwa. Inasemekana jambo hilo lilimchukiza sana. Baadaye alihamia manowari nyingine iliyotia nanga pwani ya Gabon, na hapo ndipo alipoanza kuutazama mto Ogooué na kujiuliza unatoka wapi. Mwaka wa 1874 alipewa uraia wa Ufaransa. Montaignac sasa alikuwa waziri wa mambo ya majini, naye ndiye aliyeidhinisha safari ya kwanza.

Safari hiyo ilichukua miaka mitatu, kuanzia 1875 mpaka 1878. Ilikuwa na Wazungu wachache pamoja na askari wa Kisenegali, na bunduki zake zilikuwa chache mno kuweza kushinda vita vyovyote. De Brazza alingoja miezi mingi katika vijiji, akajadiliana bei ya mitumbwi, akaugua, akatembea bila viatu vilipokwisha. Alipofika mto Alima, wafanyabiashara waliomiliki njia ile ya maji walimfyatulia risasi, naye akarudi nyuma. Hakujua kwamba mto huo unaingia katika mto Kongo, na kwamba karibu na wakati ule ule Henry Stanley alikuwa akiteremka mto Kongo wenyewe mpaka Boma, alikofika Agosti 1877. Stanley alianzia huku kwetu, Unguja na Bagamoyo, na waliobeba mizigo yake na kufa katika maporomoko ya maji walikuwa hasa watu wa pwani hii, wale walioitwa Wangwana. Yeye alipita kwa risasi. De Brazza alipita kwa maneno na vitambaa. Tofauti hiyo ni ya kweli, na yule aliyekuwa akiishi kando ya mto aliijua vizuri kuliko sisi, kwa hiyo tusiidharau.

Sasa nifike kwenye karatasi ya kwanza.

Mwaka wa 1880 de Brazza alirudi. Akaanzisha kituo alichokiita Franceville, kisha akavuka mbuga mpaka Mbé, makao ya mfalme wa Wateke. Makoko ni cheo. Jina la mfalme aliyetawala lilikuwa Iloo. Alimpokea mgeni kwa heshima zote za baraza lake, na tarehe 10 Septemba 1880 ikatiwa alama karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa. Karatasi hiyo ilisema kwamba mfalme anaikabidhi nchi yake kwa Ufaransa.

Ndugu zangu, hapa hapana budi tusimame kidogo. Kwa desturi ya Wateke, kama ilivyo desturi ya makabila mengi ya Kibantu, ardhi haikuwa mali ya mfalme. Ilikuwa na wenyewe, walio hai na waliokufa, na mfalme alikuwa mlinzi wa uhusiano baina yao. Angeweza kumkaribisha mgeni, kumpa mahali pa kujenga, kumkubali kuwa mshirika wake mbele ya maadui na wafanyabiashara wa mto. Kuuza nchi hakuwezi, kwa sababu hata wazo lenyewe halikuwepo. Iloo alipata rafiki mwenye nguvu, au ndivyo alivyodhani. Ufaransa ilipata hati ya kumiliki. Sisi tuliosoma habari za Mangungo wa Msovero na karatasi aliyoletewa na Carl Peters mwaka wa 1884 hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Ila Peters alikuwa mwongo aliyejua kwamba anadanganya. De Brazza, kwa kadiri mtu anavyoweza kumpima, aliiamini karatasi yake. Aliamini kwamba Ufaransa ingekuwa rafiki. Na kwa maoni yangu mtu anayeamini ni hatari zaidi, maana watu humfungulia mlango.

Kando ya ziwa ambalo mto Kongo hufanya kabla ya maporomoko, de Brazza alimwacha sajini mmoja wa Kisenegali, Malamine Camara, na askari wachache sana, bila mshahara wa kutosha wala chakula. Napenda tumtazame mtu huyu, kwa sababu vitabu vingi humpitia kwa sentensi moja. Malamine aliishi kwa uwindaji, akagawa nyama kwa wenyeji, akajifunza lugha yao, akapendwa. Stanley alipotokea Julai 1881, safari hii akiwa mtumishi wa Leopold na akiwa tena na vibarua kutoka Unguja, alikutana na Malamine ameshika bendera ya Ufaransa na nakala ya mkataba. Wenyeji wakakataa kumuuzia Stanley chakula kaskazini ya mto. Stanley akalazimika kuvuka na kujenga kusini. Kwa hiyo mpaka ambao mpaka leo hutenga Brazzaville na Kinshasa, miji mikuu miwili inayotazamana, ulilindwa kwa mara ya kwanza na Mwafrika mmoja mwenye sare iliyochakaa, mbele ya Mzungu aliyefuatana na watu wanaozungumza Kiswahili. Waafrika pande zote mbili, na bendera zote mbili za wageni! Malamine aliamriwa kuondoka mwaka wa 1882, akapewa nishani mwaka wa 1885, akafariki mwaka wa 1886. Mji hawakuuita Malamineville.

Karatasi ile ilikwenda Paris upesi. Magazeti yaliishangilia, Ufaransa ilikuwa imeshindwa vita na Ujerumani mwaka wa 1871 na ilitamani shujaa. Oktoba 1882 Stanley alimshambulia de Brazza kwa maneno katika karamu mjini Paris, akaidhihaki hati yake na umaskini wa safari zake. De Brazza aliingia ukumbini na kumpa mkono. Umma ulimpenda zaidi. Novemba mwaka ule ule Bunge la Ufaransa liliidhinisha mkataba wa Makoko, na miaka miwili baadaye wajumbe walipokusanyika Berlin kuigawana Afrika, hati ya Mbé ilikuwa mezani kama haki iliyokwisha thibitishwa. Wabunge wale hawakutuma mtu kumwuliza Iloo alielewa nini. Hawakutaka uchunguzi. Liweke moyoni jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka wa 1886 ofisa huyu wa manowari akafanywa Kamishna Mkuu, yaani gavana, wa nchi aliyoileta mwenyewe. Alitawala kwa muda wa miaka kumi na moja na zaidi. Sifa zake za wakati huo zinajulikana: aliwanunua watumwa na kuwaacha huru, akiwaambia kwamba anayeigusa bendera ya Ufaransa si mtumwa tena; aliwaonya maofisa wake wasiwapige watu; aliwatuma watu wake mpaka mito ya Sangha na Ubangi, ambako mji wa Bangui ulianzishwa mwaka wa 1889. Hazina yake ilikuwa tupu karibu wakati wote. Mabwana wa Paris walitaka koloni lijilipe lenyewe, na koloni ambalo watu wake hawalazimishwi halijilipi.

Hapo ndipo wema ulipogonga ukuta. Hapakuwa na reli. Kila kitu kilichokwenda Brazzaville kilitoka Loango, pwani, juu ya vichwa vya wapagazi, katika njia ipatayo kilomita 500. Mwaka wa 1896 alipokuja kapteni Marchand na maelfu ya mizigo, akielekea Fashoda kwenye mto Nili kuwazuia Waingereza, watu wa njia ile walikuwa wamechoka na wakakataa kubeba. Wakaandamwa na askari, na vijiji vikachomwa. Aliyekuwa Kamishna Mkuu wakati huo ni de Brazza. Na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuunga mkono fikira ya kuyapa makampuni ya Kifaransa sehemu za nchi ili yaiendeleze, kwa kuwa serikali haikutaka kutoa fedha. Wanaomsifu huvikwepa vifungu hivi viwili. Mimi naona kwamba bila hivyo hatumwelewi: gavana aliyechukia mjeledi alikuwa amekalia kiti ambacho hakiwezi kusimama bila mjeledi.

Hata hivyo alionekana mlegevu. Marchand alimlaumu, magazeti yaliyomshangilia yakamgeuka, na Januari 1898 akafukuzwa kazi. Akaenda kuishi Algiers.

Mwaka uliofuata, 1899, nchi iligawiwa makampuni arobaini. Yalipewa eneo lipatalo kilomita za mraba 650,000 kwa muda wa miaka thelathini, na serikali ikaahidiwa asilimia 15 ya faida. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na wa kutisha. Kila kilichoota juu ya ardhi ya kampuni kilihesabiwa ni mali ya kampuni. Kwa hiyo mwanakijiji aliyegema mpira katika msitu wa babu zake hakuwa na bidhaa ya kuuza. Alikuwa amekusanya mali ya mwingine, naye alistahili ujira tu wa kuikusanya, na ujira huo ulipangwa na yule yule aliyeuchukua mpira. Mwaka wa 1902 ikaja kodi ya kichwa, nayo ililipwa kwa mpira. Mwaka wa 1903 mkuu mmoja wa utawala, Émile Gentil, aliwaandikia maofisa kwamba atawapima hasa kwa kiasi cha kodi wanachokusanya. Gentil naye alikuwa mwanamaji, naye akawa Kamishna Mkuu mwaka wa 1904. Bahari moja iliwalea wote wawili.

Mwanakijiji asipoleta mpira, afanywe nini? Akikimbilia msituni, akamatwe nani? Jibu lililopatikana ni mke wake na watoto wake.

Mwaka wa 1905 habari zilifika Paris kwamba tarehe 14 Julai 1903, siku ya sikukuu ya taifa la Ufaransa, maofisa wawili wa kituo cha Fort-Crampel, Toqué na Gaud, walihusika na kumuua mfungwa mmoja wa Kiafrika aliyeitwa Pakpa kwa kumlipua kwa dainamaiti. Wakati huo huo dunia ilikuwa ikisoma ripoti ya Mwingereza Roger Casement juu ya mauaji katika Kongo ya Leopold. Serikali ya Ufaransa iliogopa kuchunguzwa na mataifa mengine. Ilihitaji mtu ambaye jina lake peke yake lingetuliza watu, nayo ikamkumbuka mzee wa Algiers. Maagizo yake ya siri yalimtaka aonyeshe kwamba utaratibu wa Ufaransa haufanani na ule wa Leopold. Kwa maneno mengine, alitumwa akatafute usafi.

Akaondoka Marseille Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 53, mwili umechoka, mkewe Thérèse akifuatana naye. Katika msafara alikuwamo mwalimu kijana, Félicien Challaye, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Le Temps. Walipanda mpaka Fort-Crampel, ambako leo ni Kaga-Bandoro katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Maofisa walificha daftari na kuwaandaa mashahidi. Lakini de Brazza alikuwa mwanamaji wa shabaha moja, naye alijua kuzungumza na watu bila mkalimani wa serikali kusimama katikati.

Aliyoyakuta hayakuwa matendo ya walevi wawili wa Fort-Crampel. Nitataja moja tu. Mwaka wa 1904 wanawake 58 na watoto 10 walichukuliwa mateka kutoka Mongoumba, ili waume zao walete mpira wa kodi. Wakapelekwa Bangui na kufungiwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Wakafa wanawake 45 na watoto 2. Nyumba hiyo ilikuwa mjini, mahali penye maofisa na bendera. Bendera ile ile ambayo Kamishna Mkuu aliwahi kuwaambia watumwa kwamba wakiigusa wamekuwa huru.

Mtu aweza kukisia lilivyokuwa pigo moyoni mwake. Yeye aliandika bila kuficha. Aliandika kwamba mateka, kodi ya mpira na makampuni ni kitu kimoja, na kwamba lawama inapanda mpaka juu. Mwezi Agosti Toqué na Gaud walihukumiwa Brazzaville kifungo cha miaka mitano kila mmoja, na Wazungu wa mji ule walikasirika wakaona adhabu ni kali mno. De Brazza tayari alikuwa mgonjwa wa kuhara damu. Aliteremshwa pwani, akapakiwa melini, na tarehe 14 Septemba 1905 akafariki Dakar.

Hiyo ndiyo karatasi ya pili, na sasa tazameni mwendo wake.

Serikali ilimzika mwandishi kwa heshima kubwa za taifa mjini Paris, Oktoba 1905. Maandishi yake ikayapeleka kwenye tume iliyoongozwa na aliyekuwa waziri, Lanessan. Februari 1906 mbunge wa kisoshalisti, Gustave Rouanet, alisimama Bungeni akataka yachapishwe. Wengi wakakataa. Mwaka wa 1907 ripoti ilikamilika, zikapigwa chapa nakala kumi tu, zikafungiwa. Ikachapishwa kwa ajili ya umma mwaka wa 2014, kwa kazi ya mwanahistoria Catherine Coquery-Vidrovitch. Karatasi iliyoipa Ufaransa nchi ilichukua siku chache Bungeni. Karatasi iliyoeleza nchi hiyo ilifanywa nini ilichukua miaka 107. Mkono ulioziandika zote mbili ni mmoja, na jina lililotiwa chini lilikuwa maarufu vile vile. Mashujaa wa ukoloni huaminiwa wakati wanapoleta kitu.

Makampuni yaliendelea. Mwandishi André Gide alipopita huko mwaka wa 1925 na 1926 aliyakuta yangali yakikamua mpira, naye akachapisha aliyoyaona mwaka wa 1927. Kati ya 1921 na 1934 ikajengwa reli ya kutoka Brazzaville mpaka baharini, na maelfu kwa maelfu ya vibarua wakafa juu ya matuta yake.

Kaburi la de Brazza lilihamishiwa Algiers, nalo liliandikwa kwamba kumbukumbu yake haina doa la damu ya binadamu. Tarehe 3 Oktoba 2006 mifupa yake, pamoja na ya mkewe na watoto wao wanne, iliwekwa katika jumba la marumaru lililojengwa Brazzaville, mbele ya marais Sassou Nguesso, Bongo na Bozizé na waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa. Wakongo wengi walinung'unika juu ya gharama zake. Wengine walisema, na hoja yao ina uzito, kwamba kati ya Wazungu wote waliowatawala huyu peke yake alirudi kuuliza. Maneno ya kaburi yanaweza kuwa kweli kuhusu mikono yake. Kuhusu mkataba wake si kweli, maana wanawake wa Mongoumba walifika katika nyumba ile ya Bangui kwa njia iliyofunguliwa Mbé.

Mwenyekiti aliniambia kwamba baadhi yenu mtauliza kama jina la mji libadilishwe. Hilo ni shauri la wenye mji. Ningependa zaidi kusema juu ya kitabu. Ripoti ile sasa inauzwa madukani, kwa Kifaransa, pamoja na hati zake nyingi. Katika darasa hili wamo vijana wanaosoma Kifaransa, nami nimekuja na nakala moja ambayo nitaiacha kwa mwalimu wenu. Naomba wawili au watatu wagawane kurasa na kuzitia katika Kiswahili, na waanze na zile za Bangui.